Hedifoni za Mama

Jumatatu, 4 Machi
Mama: dakika 4.

Daftari hili nimepewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo ili niandike dakika anazotembea Mama kila siku. Kurasa mia mbili kwa ajili ya dakika! Nafasi itakayobaki nitaijaza mimi, maana nina mambo yamenikaa kooni na sina wa kumwambia.

Huu ni mwezi wa pili tangu Mama ateleze akavunjika nyonga. Wamemtia chuma, kidonda kimefunga, na leo mtaalamu amesema bila kupepesa macho: akitembea nusu saa kila siku, mvua zikiisha atakuwa anakwenda mwenyewe kokote anakotaka. Asipotembea, misuli itanywea, na atakuwa mtu wa kubebwa. "Uamuzi ni wake," akasema, huku ananitazama mimi.

Mama alifika lango la jirani mshonaji, akageuka. "Kutembea bila kwendako ni kazi ya wendawazimu."

"Mbona mimi natembea kutwa, Mama?"

"Wewe unasoma mita. Una unachokifuata."

Mvua ya kwanza ilianza kudondoka tukiwa mlangoni.

Jumanne, 5 Machi
Mama: dakika 3. Kasingizia mvua. Mvua yenyewe manyunyu.

Alhamisi, 7 Machi
Mama: 0.

Leo ametoa sharti. Nilikuwa nimepiga magoti namfunga kamba za viatu, naye anatazama juu ya kichwa changu. "Ningekuwa na sauti ya mwanangu masikioni," akasema, "ningetembea hata saa nzima."

Mimi hapa, kamba ya kiatu mkononi. Lakini kwa Mama, neno "mwanangu" likitamkwa peke yake halimhusu mtu mwingine ila Kitinda.

Kitinda ni mdogo wangu, kitindamimba. Nimempita miaka kumi. Anasimulia hadithi redioni, kwenye mji wa saa nne kutoka hapa. Kila Jumatano asubuhi anakwenda hewani, na asiyewahi anakipakua kipindi kwenye simu. Na kila mtu anakipakua. Miaka kumi na tisa nasoma mita za maji mtaa kwa mtaa, nayajua malango yote na mbwa wote, na hakuna aliyewahi kuniuliza jina. Sasa nina jina. Naitwa Dada Yake. "Karibu Dada Yake! Jana katuliza yule mdogo wako!" Mimi natabasamu, nainua kifuniko cha mita, naandika namba.

Sijawahi kusikiliza hata kipindi kimoja. Natembea na hedifoni zangu kuukuu, zimezungushiwa utepe pale zilipopasuka, na nikisikia ile sauti inatoka dirishani naongeza muziki. Wasomi wa mioyo wataita hiki kijiba cha roho. Hawakosei, ndicho.

Jumamosi, 9 Machi
Mama: dakika 5.

Nilimjaribishia vile vidogo vya kuchomeka sikioni. Havikai. Kimoja kilidondokea kwenye dimbwi, cha pili alikitoa mwenyewe akisema ni kama mtu anamtia kidole. "Nataka kama zako," akasema, "kubwa, za kufunika sikio zima."

Akampigia Kitinda simu mbele yangu. Kitinda akataka kununua kulekule kwao atume. Mama akakataa. "Dada yako ndiye atakayechagua. Ndiye anayetembea nazo." Nilivimba kichwa kwa sekunde mbili hivi. Kisha nikakumbuka natumwa kuchagua nini: chombo cha kumtia Kitinda masikioni mwa Mama, ili hata mkono wangu ukiwa kwapani mwake asinisikie.

Jumatano, 13 Machi
Mama: dakika 5.

Nimekwenda kwa Fundi Masikio. Wanamwita hivyo kwa sababu anauza na kutengeneza hedifoni, na kwa sababu ya masikio yake mwenyewe. Ni mtu mzima, taratibu, hakuuzii kitu kabla hajakuhoji.

"Za nani?"

"Za mama yangu. Avae akitembea."

"Anavaa miwani?"

"Miwani, na kitambaa cha kichwa."

"Basi zisibane, maana fremu ya miwani itamchimba. Na zisiwe nzito. Mtu mzima shingo yake si ya kubebea matofali. Vidole vyake vizima?"

"Vizima, lakini simu inamkoroga."

"Basi vitufe viwe vya kubonyeza, vyenye mwinuko, avipate kwa kupapasa. Si hizi za kugusagusa kama unampaka mtu mafuta."

Yote hayo nayajua, lakini nilifurahi kuongea na anayejua. Akanivalisha ya kwanza, akabonyeza simu yake, na sauti ikaingia.

Ilikuwa Kitinda.

Nilizivua kama zimeniunguza. "Huna muziki?"

"Muziki unaficha kasoro, dada. Sauti ya mtu haifichi. Mimi napimia huyu binti tu, miaka miwili sasa. Unamjua?"

"Simjui," nikasema.

Ikabidi nivumilie. Za kwanza zilimfanya asikike kama nyuki chupani, nikazipenda bure. Za pili zilikuwa na mito mikavu iliyonitoa jasho kabla sijahesabu kumi. Za tatu zilikuwa nyepesi, zinajikunja zikaingia mfukoni, na sauti ilikuwa safi hivi kwamba nilisikia anavuta pumzi kabla ya neno. Pumzi ile naijua. Alikuwa akiivuta hivyohivyo alipokuwa mdogo, kabla ya kulia.

Nikamwambia fundi nitarudi.

Ijumaa, 15 Machi
Mama: 2. Mvua kubwa. Mita kumi na moja zilikuwa chini ya maji.

Jumatatu, 18 Machi
Mama: 0. Mtaalamu amempima paja kwa utepe, akatikisa kichwa. Paja la kushoto limepungua. Mama aliuliza mimi nikiwa nimesimama palepale, "Dada yako hajapata hedifoni?" Alikuwa anaongea na Kitinda kwenye simu.

Jumatano, 20 Machi
Mama: 3.

Nitaandika kama ilivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye.

Nilikwenda kwa Fundi Masikio nikiwa nimekata shauri kununua zile za tatu. Akasema kwanza nijaribu nyingine zilizoingia jana, nipate kulinganisha. Akanivalisha zile nyepesi, akaweka kipindi cha asubuhi hiyohiyo.

Kitinda alikuwa anasimulia habari za ngurumo. Anasema ngurumo ni bibi mmoja aliyehamia nyumba mpya huko juu, na ana kabati kubwa asilojua pa kuliweka. Analisukuma pembe hii, halimridhishi. Analisukuma pembe ile, linaziba dirisha. Kila ukisikia gurrrum, ujue bibi amelisogeza tena. Mwisho analiweka ukutani karibu na mlango, anapangusa jasho, anakwenda kulala, na mvua inakatika.

Hadithi ile ni yangu. Niliitunga nikiwa na miaka kumi na sita, Kitinda ana sita, anajificha kwapani mwangu kila radi ikipiga, na Mama yuko kazini kwenye dobi la hospitali, zamu ya usiku. Hakuna kitabu ilimotoka. Ilitoka kwenye kabati letu wenyewe lenye mguu mmoja mfupi.

Sikukasirika bado. Nilisubiri. Nilisimama na hedifoni za watu kichwani, nikingoja aseme "dada yangu". Nilikuwa tayari kumsamehe kila kitu.

Akavuta pumzi. Akasema, "Hadithi hii alinisimulia mama yangu."

Nilizivua. Fundi akaniuliza kama hazinifai.

"Zile nyeusi," nikasema. "Zile nzito za pale juu."

"Zile? Dada, zile ni za vijana wapendao mdundo. Zinaziba sikio kabisa, na maneno yanazama. Mtu mzima, barabarani..."

"Ndizo anazozitaka."

Akazifunga kwenye mfuko.

Alhamisi, 21 Machi
Mama: dakika 14.

Amezipenda. "Anasikika kwa mbali kidogo," akasema, "lakini ndiye." Akanishukuru mara tatu. Kila shukrani ilikuwa kama kofi.

Jumatatu, 25 Machi
Mama: dakika 19.

Anacheka njiani. Namshika mkono, namwambia angalia shimo, hanisikii. Anacheka na mtu mwingine huku ananiegemea mimi.

Jumamosi, 30 Machi
Mama: dakika 22. Zinambana, zimemwachia alama mbili nyekundu nyuma ya masikio. Nikamuuliza kama zinauma. "Kidogo. Kizuri hakiji bure." Nilipaka mafuta zile alama kwa mkono uleule uliozinunua.

Jumanne, 2 Aprili
Mama: dakika 24. Mvua mchana kutwa ila asubuhi. Leo nimemwacha mkono hatua kadhaa nione kama atanitafuta. Hakunitafuta.

Ijumaa, 5 Aprili
Mama: sijui.

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, mchana, nguo zimenikaukia mwilini na tope.

Asubuhi tulitoka mapema. Mama alikuwa anasikiliza tena ile ya kabati, na tulipofika kwa mshonaji akasimama, akazivuta hedifoni shingoni, akamwambia mshonaji: "Unasikia mwanangu anavyonitaja? Hadithi hii nilimsimulia mimi." Mshonaji akapiga makofi. "Kumbe kipaji ni cha kurithi!" Mama akacheka, akazirudisha masikioni, akaanza kwenda.

Mimi sikwenda. Nilibaki pale langoni nimenuna kama mtoto aliyenyimwa, nikajisemea, mwache aende na huyo mwanawe, tuone. Alikuwa hatua ishirini mbele, fimbo mkononi, anatembea vizuri kuliko siku zote.

Mkokoteni ulitokea nyuma yangu, kwenye mteremko, umebeba magunia, tope limewashinda. Wavutaji walikuwa wawili, wanapiga kelele: "Pisha! Pisha, mama! Pishaaa!" Mtaa mzima ulisikia. Mbwa walisikia. Mama alikuwa katikati ya njia anatikisa kichwa kwa hadithi.

Nilikimbia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Niliita "Mama!" na najua kwamba zingekuwa zile nyepesi angenisikia.

Yule mvutaji wa mbele ndiye aliyemwokoa. Alijitupa pembeni na mipini yake, mkokoteni ukaingia mtaroni, magunia yakamwagika. Ubavu wa mkokoteni ulimpitia Mama begani tu, lakini ulitosha. Alianguka kwa upande wa kulia, mkono ukatangulia. Nilipomfikia alikuwa amekaa kwenye tope, miwani imeruka, na zile hedifoni bado kichwani. Nikazivua. Alinitazama akashangaa kelele zote zile zilizokuwepo duniani.

"Kumetokea nini?" akasema. "Mbona unalia?"

Wamempiga picha. Nyonga iko salama, chuma hakijasogea. Kifundo cha mkono kimeteguka na bega limevilia damu. Daktari ameniambia nishukuru.

Nimempigia Kitinda. Anakuja.

Jumapili, 7 Aprili
Kitinda alifika jana saa sita mchana, amelowa. "Shikamoo dada," akasema, akanikumbatia, nami nikasimama kama gogo.

Mama alipolala kidogo tukakaa jikoni. Akaziona zile hedifoni juu ya meza, tope limekauka kwenye mito yake. Akazipangusa, akazivaa, akachomeka simu yake, akajisikiliza. Niliona uso wake unabadilika.

"Dada, mbona nasikika niko ndani ya pipa?"

Nikasogeza kiti.

"Na sikusikii wewe unaposogeza kiti. Fundi gani amemuuzia mgonjwa kitu hiki?"

"Fundi alinikataza," nikasema. "Nilichagua mwenyewe. Nilizijaribu nzuri, nikaziacha."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Yote, mpaka la kubaki langoni. Nilitegemea atalia, anavyolia siku zote, nami nitamnyamazisha, ndivyo tulivyozoea. Hakulia. Alizivua akaziweka chini taratibu.

"Ungenitukana mimi," akasema. "Ungenipigia simu ukanitukana mpaka chaji ikaisha. Kwa nini masikio ya Mama?"

"Uliniibia hadithi."

"Nilijua ni yako. Unadhani nimesahau nilikuwa nimejificha kwapani mwa nani?"

"Sasa kwa nini useme ni ya Mama?"

Akainuka. "Hilo kamuulize Mama." Akaenda kukaa na mgonjwa, akaniachia jiko. Katika miaka yote ya kuwa dada yake, ni mara ya kwanza kunipa kisogo. Niliosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha kuoshwa.

Jumanne, 9 Aprili
Mama: dakika 3, chumbani, ukuta kwa ukuta.

Hawezi kuinua mkono wa kulia, kwa hiyo nilikaa nyuma yake nimsuke. Ni rahisi kusema mambo mtu akiwa amekupa utosi.

"Mama, zile hedifoni nilizichagua mbaya makusudi."

"Najua."

Kitana kilinitoka mkononi.

"Mtu anayesoma namba kwenye mita yenye kutu, chini ya matope, miaka kumi na tisa," Mama akasema, "hawezi kukosea hedifoni. Siku ya kwanza tu nilijua. Nikasema ana lake, litamtoka."

"Na ukazivaa!"

"Ndizo ulizoniletea. Endelea kusuka."

Nikaendelea. Nilisuka mistari miwili mizima kabla ya kumuuliza la kabati.

"Nilikuwa natoka dobi alfajiri," akasema, "mikono imechubuka kwa sabuni, nawakuta mmelala. Namnyanyua huyu mdogo nimbebe, anafumbua macho, ananiona ni mimi, anaanza kulia. Anakutaka wewe. Mtoto wa tumbo langu! Namrudisha kwapani mwako, ananyamaza. Siku ngapi? Miaka mitatu. Nilikuwa nakuonea wivu wewe, msichana wa miaka kumi na sita, mpaka naogopa kukutazama."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Sasa mwaka huu ananiambia, Mama, nataka kusimulia zile za utotoni, nitamtaja dada. Nikamwambia, moja. Moja tu nipe mimi. Sema mama yako alikuwa hapo siku moja radi ilipopiga." Akapangusa pua kwa mkono mzima. "Nilidhani wewe husikilizi. Kila mtu anajua husikilizi."

Nilimaliza kusuka. Mistari ilikwenda mshazari, lakini hakulalamika.

Jumamosi, 13 Aprili
Mama: dakika 9, mpaka dukani kwa Fundi Masikio kutoka tuliposhushwa.

Tulikwenda watatu. Fundi alimtazama Kitinda alipotoa salamu, akamtazama mdomo, akashika meza. "Ni wewe!" Kisha akanigeukia. "Na ulisema humjui."

"Nilikuwa simjui," nikasema. Kitinda akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi iliyopita.

Safari hii aliyechagua ni Mama. Alizikataa nzuri tano. Moja ilimteleza juu ya kitambaa. Nyingine ilikuwa na mwanamke ndani anayetangaza kiasi cha chaji, Mama akasema hataki mgeni. Tulimwambia atembee humo dukani huku nikimwita kutoka nyuma, na zile ambazo hakugeuka tuliziweka kando. Mwisho akavaa za kijivu, nyepesi, mito yake ya kitambaa laini, zenye kitufe kimoja kikubwa pembeni. Ni dada wa zile za tatu nilizoziacha. Nikamwita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama." Akageuka. "Nakusikia," akasema, "na yeye namsikia. Nyote wawili."

Fundi akauliza afanyeje na zile nyeusi. Kitinda akamjibu kabla yangu: "Hizo atavaa dada. Mwaka mzima."

Jumatano, 24 Aprili
Mama: dakika 21.

Kumezuka jambo. Wasikilizaji wameipenda hadithi ya kabati kupita kiasi, na mkubwa wa Kitinda pale redioni anataka mama mwenyewe aje studio aisimulie kwa kinywa chake, hewani. Jumatano ya tarehe ishirini na mbili, Mei.

Kitinda alipiga simu kwangu, si kwa Mama. "Dada, nikisema ukweli, Mama ataaibika. Niwajibu nini?"

Nilikuwa nimesimama mvuani karibu na lango la watu. Kile kijiba kilipanda mpaka kooni, kikubwa kuliko siku zote. Redio nzima. Hadithi yangu. Nilitaka kusema, sema ukweli. Nilifungua mdomo niseme.

"Mwache Mama aende," nikasema, nikakata simu haraka nisije nikageuka.

Alhamisi, 25 Aprili
Mama: dakika 25.

Njiani akasimama ghafla, akazivua hedifoni. "Siijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Hadithi! Naijua kwa kumsikiliza Kitinda tu. Wakiniuliza kitu nje ya hapo nitaumbuka." Alikuwa ameshika kwapa langu kwa nguvu. "Mwanangu, nifundishe."

Aliniita hivyo, bila jina, mimi.

Jumatatu, 6 Mei
Mama: dakika 28.

Tunatembea na kabati. Namfundisha jinsi bibi anavyohema, mahali pa kunyamaza, mahali pa kusema gurrrum. Anairudia vibaya, anaweka maneno yake, namsahihisha, ananiambia mimi ni mwalimu mkali. Namfundisha mtu kuchukua kilicho changu, na kila asubuhi naamka nataka kuacha. Kisha anatangulia kuvaa viatu.

Ijumaa, 10 Mei
30! Amefunga kamba mwenyewe.

Ijumaa, 17 Mei
Mama: dakika 33. Mvua zinapungua. Mtaalamu kapima paja, akapiga mluzi. Hadithi ameishika yote, neno kwa neno, mpaka pumzi.

Jumanne, 21 Mei
Mama: dakika 34, mpaka kituo cha mabasi, fimbo mkononi kwa sherehe tu.

Kitinda alikuja kumchukua. Kabla ya kupanda, Mama akavua hedifoni zake za kijivu akanivalisha. "Nisikilize na hizi. Kule watanipa za kwao. Usinisikilize na pipa." Kitinda aliniinamia dirishani, akanishika kidole kimoja tu, kama zamani.

Jumatano, 22 Mei
Mama hakutembea leo, labda ngazi za redioni.

Niliomba mtaa wa mbali, wenye nyumba chache. Saa nne kamili nilikuwa nimeinua kifuniko cha mita ya saba, manyunyu ya mwisho yanatua mgongoni. Kitinda akamkaribisha. Mama alikohoa, nikafa kwa hofu. Kisha akaanza.

Aliisimulia vizuri. Bibi alihamia, kabati lilisukumwa, alinyamaza pale nilipomwambia. Midomo yangu ilikuwa inakwenda pamoja naye. Akafika mwisho, mahali bibi anapoliweka kabati karibu na mlango na kwenda kulala.

"Na hapo ndipo mvua ikakatika, Mama?" Kitinda akauliza.

"Hapana," Mama akasema.

Sikumfundisha hapana. Nilizibana hedifoni kwa mikono yote miwili.

"Watu wanadhani yule bibi alikuwa anatafuta pa kuliweka kabati," akasema. "Hakuwa anatafuta pa kuliweka. Alikuwa amerudi kutoka kazini, haoni watoto wake. Analisukuma kabati anawatafuta. Mara ya mwisho akalisogeza, akawakuta nyuma yake, wawili, wamelala. Mdogo kalalia mkono wa mkubwa. Alitaka kumchukua mdogo. Akawatazama. Akaliacha kabati palepale, katikati ya nyumba, asilisukume tena, wasije wakaamka. Ndiyo maana ngurumo inakoma. Ni yule mama, amesimama, anawatazama."

Redio nzima ilikuwa kimya, na kwenye kimya kile nikamsikia Kitinda anavuta pumzi.

Nimeisimulia hadithi ile mara mia, na sikuwahi kufikiria kuangalia nyuma ya kabati. Niliona wivu, wivu mtupu, nikacheka peke yangu na machozi yananitoka, mpaka mwenye nyumba akachungulia kuuliza kama mita ina nini.

"Haina kitu," nikamwambia. "Ni mama yangu, yuko redioni."